Mwenye Duka Apate Pesa Yake, Asipate Kingine

Noti ya shilingi elfu kumi ikishatoka mfukoni mwa mnunuzi na kuingia kwenye droo ya muuza duka, biashara imekwisha. Muuzaji hajui jina la mnunuzi, hajui namba yake ya simu, hajui amebakiwa na shilingi ngapi, wala hana njia ya kumtafuta kesho. Watu wamelipana hivyo vizazi na vizazi bila kuuhesabu usiri huo kuwa kitu cha thamani, kwa sababu ulikuja bure pamoja na pesa yenyewe. Malipo ya kielektroniki ndiyo yaliyouondoa. Makala haya yanahusu malipo ya kugusisha simu kwenye mashine ya dukani au mgahawani, njia ambayo London, Dubai na Tokyo imekuwa jambo la kila siku, na ambayo mashine za kuipokea zipo pia kwenye supamaketi na hoteli kubwa za Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar. Wengi huisifia kwa wepesi wake. Wepesi upo, lakini mimi naona ubora wake mkubwa uko kwingine: inamrudishia mnunuzi uwezo aliokuwa nao alipolipa kwa noti, yaani kumlipa muuzaji bila kumkabidhi taarifa zake. Hicho ndicho kipimo kinachofaa kupimia kila njia ya kulipa, zikiwemo hizi zetu za lipa namba.

Kasoro ilianzia kwenye kadi ya benki. Kadi ya plastiki hubeba namba ambayo kwa kawaida ina tarakimu 16, tarehe ya kuisha muda wake, na kwa nyuma utepe mweusi wa sumaku uliorekodiwa taarifa hizohizo. Kila duka lililoipitisha kadi kwenye mashine yake lilizipokea taarifa hizo, nazo hazikubadilika: zilizotumika kununulia mkate Jumatatu ndizo zilizotumika kununulia televisheni Ijumaa. Aliyezinasa mara moja aliweza kuzitumia tena na tena. Desemba 2013 kampuni ya maduka ya Target ya Marekani ilitangaza kwamba wezi walikuwa wameziingilia mashine zake za malipo na kuchota taarifa za kadi zipatazo milioni 40, tena katikati ya msimu wa manunuzi ya Krismasi. Mwaka uliofuata Home Depot, kampuni inayouza vifaa vya ujenzi, ikapatwa na balaa kama hilo, safari hii kadi milioni 56. Wateja hao hawakuwa wamefanya uzembe wowote. Hawakumtajia mtu namba ya siri, hawakupoteza kadi, hawakubofya kiungo cha matapeli. Walinunua tu, na kununua kwenyewe kukatosha kuwaweka hatarini, kwa sababu duka lilikuwa limepewa kitu ambacho halikukihitaji. Lilihitaji kulipwa. Likapewa na ufunguo wa akaunti.

Chipu ile ya rangi ya dhahabu kwenye kadi ilipunguza tatizo, kwa kuwa hutoa saini mpya kwa kila muamala na ni vigumu kuinakili. Hata hivyo namba halisi ya kadi iliendelea kupita kwenye mashine ya muuzaji, na imeandikwa waziwazi kwenye plastiki kwa yeyote mwenye macho. Hatua ya kweli ilikuja pale mtu alipoweza kulipa kwa kadi bila namba ya kadi kumfikia muuzaji kabisa. Simu kugeuzwa pochi halikuwa wazo geni: Japani, kampuni ya NTT DoCoMo ilikwisha kuuza simu za kulipia tangu 2004, zikitumia chipu ya Sony. Lakini Oktoba 2014, Marekani ikiwa bado inauguza jeraha la Target na Home Depot, Apple ilizindua Apple Pay, na mwaka 2015 Samsung na Google nazo zikaleta pochi zao. Kilichozitofautisha huduma hizi na kadi ni kile kinachotokea nyuma ya kioo cha simu, na inafaa kukieleza taratibu maana ndicho kinachobeba hoja nzima.

Mteja anapoisajili kadi yake kwenye simu, simu haibaki na namba halisi ya kadi hiyo. Benki, kwa kupitia mtandao wa Visa au Mastercard, hutoa namba mbadala iliyofungwa kwa simu hiyo moja. Namba hiyo mbadala huhifadhiwa ndani ya simu mahali palipolindwa, na siku ya kulipa ndiyo inayotumwa kwenye mashine ya duka, ikiandamana na msimbo wa siri uliotengenezwa papo hapo kwa ajili ya muamala huo peke yake. Msomaji aliyezoea kununua umeme wa LUKU anaujua utaratibu unaofanana na huu: tokeni iliyotolewa kwa mita ya nyumba moja haifanyi kazi kwenye mita ya jirani, na ikishaingizwa mara moja haiingii tena. Mwizi akiiokota karatasi yenye tokeni iliyokwisha kutumika ameokota takataka. Ndivyo ilivyo kwa anayeingilia mashine ya duka leo na kukuta kumbukumbu za watu waliolipa kwa simu. Atakuta namba ambazo haziwezi kulipia kitu bila simu zenyewe, na misimbo iliyokwisha kazi yake.

Mawasiliano yenyewe kati ya simu na mashine hufanyika kwa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, yaliyoundwa makusudi yasifike mbali. Kwa kawaida simu inapaswa kuwa ndani ya sentimita nne hivi kutoka kwenye mashine, ndiyo maana mtu hulazimika karibu kuigusisha. Keshia anaingiza kiasi, kiasi kinaonekana kwenye kioo cha mashine, mteja anaifungua simu kwa alama ya kidole, sura au namba ya siri, anaisogeza, mashine inalia na risiti inatoka. Kwa kawaida simu haihitaji hata kifurushi cha intaneti wakati huo, kwa kuwa mashine ya duka ndiyo inayowasiliana na benki. Jambo moja dogo huwashangaza watu: tarakimu nne za mwisho zinazochapwa kwenye risiti mara nyingi hazilingani na zile zilizo kwenye kadi yao ya plastiki. Si kosa. Ni zile za namba mbadala, na ni ushahidi unaoonekana kwa macho kwamba duka halikupewa namba halisi. Kwa sababu hiyohiyo, mtu anayerudisha bidhaa ili arejeshewe pesa anashauriwa kwenda na simu ileile aliyolipia, kwani mfumo wa duka unaitambua namba hiyo mbadala, haumtambui yeye.

Mgahawani tofauti hii inaonekana zaidi. Nchini Marekani, kwa miaka mingi desturi ilikuwa mhudumu kuichukua kadi ya mteja, kwenda nayo kaunta, na kurudi nayo baadaye pamoja na risiti. Dakika hizo kadi ikiwa mbali na macho ya mwenyewe zilimtosha mtu mwenye nia mbaya kuipitisha kwenye kifaa kidogo cha kunakili, au kuandika namba zake pembeni. Simu haichukuliki hivyo. Hakuna anayempa mhudumu simu yake iliyo wazi aondoke nayo, kwa hiyo mashine ndiyo inayoletwa mezani, na mteja anakiona kiasi kabla ya kukikubali. Hata kadi ya plastiki ya kugusa haifikii hapo, kwa sababu aliyeiokota anaweza kuitumia mpaka kiwango fulani bila kuulizwa chochote; Uingereza kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 100 Oktoba 2021. Simu kwa kawaida humwuliza mwenyewe kwanza, isipokuwa kwenye mpangilio wa usafiri nitakaoueleza mbele.

Sasa tugeukie kwetu. Afrika Mashariki haikusubiri mtu wa kuja kuifundisha kulipa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuvuka mpaka kuja Tanzania mwaka uliofuata. Lipa na M-Pesa, iliyoletwa Kenya mwaka 2013, iliingiza malipo ya simu kwenye maduka, na leo namba ya till huko Kenya, Lipa Namba hapa Tanzania na MoMoPay kule Uganda na Rwanda zimebandikwa kwenye ukuta wa genge, kioo cha saluni na mlango wa bucha. Haya ni mafanikio makubwa na sitaki yapunguzwe. Yanafanya kazi kwenye simu ya kitochi, hayahitaji akaunti ya benki, na muuzaji hahitaji mashine ya kununua kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Kwa upande wa kumfikia mtu wa kawaida, hakuna Apple Pay wala Google Pay inayoyakaribia.

Lakini yapime kwa kile kipimo cha noti uone yanavyovuja. Mteja amekula chipsi kuku kwenye mgahawa wa mjini, anaomba bili, mhudumu anamwonyesha kibandiko cha Lipa Namba. Anapiga menyu, anaingiza namba, kiasi, namba ya siri. Mhudumu anasubiri pembeni, kisha anasema maneno ambayo kila mtu mjini ameyasikia: naomba nione meseji. Mteja anageuza kioo cha simu. Kwenye meseji ile kuna jina la biashara, kiasi, makato kama yapo, na mwishoni salio lililobaki. Mhudumu aliyekuja kuhakikisha shilingi elfu kumi na mbili zimelipwa amejua sasa kwamba mteja wake ana laki nane kwenye simu, au kwamba amebakiwa na mia sita. Huko kwenye simu ya mwenye biashara nako, kwa miaka mingi, meseji ya kupokea pesa imekuwa ikifika na jina la mteja na namba yake ya simu. Namba hiyo ni zaidi ya anwani. Kwa wengi wetu ndiyo pochi yenyewe, ndiyo WhatsApp, ndiyo njia ya kupokelea misimbo ya benki.

Madhara yake hayahitaji utafiti mkubwa kuyaona. Wanawake wamekuwa wakilalamika kwamba baada ya kulipa dukani au kwenye teksi wanaanza kupokea salamu za usiku kutoka kwa mtu ambaye hawakumpa namba. Wafanyabiashara wamezigeuza namba za malipo kuwa orodha ya kutumia matangazo bila kumwuliza mtu. Utapeli nao unanufaika. Ujumbe ule maarufu wa kutaka ile pesa itumwe kwenye namba hii hutumwa ovyo kwa watu wengi ukitegemea bahati. Tapeli anayejua jina la mtu, namba yake, duka alilonunua na kiasi alicholipa haihitaji bahati tena. Anaweza kupiga akajitambulisha kuwa ni wa duka lile, akasema malipo yamekosewa na kwamba anataka kuyarekebisha. Mtu mwangalifu kabisa anaweza kunaswa, kwa sababu kila alichoambiwa ni kweli.

Muuzaji anayeomba kuona meseji hana ubaya, na hapa inabidi tumtendee haki. Meseji za uongo za malipo zipo, na mwenye duka aliyewahi kuachia mzigo kwa meseji iliyotengenezwa na tapeli hawezi kulaumiwa kwa kutaka ushahidi. Chanzo cha tatizo ni umbo la mfumo. Kwenye lipa namba mteja ndiye anayeisukuma pesa, na habari ya kwamba imefika inakwenda kwenye simu ambayo mara nyingi iko kwa bosi aliye nyumbani. Anayesimama kaunta hana ushahidi wake mwenyewe, basi anauomba kwa mteja. Kwenye malipo ya kugusisha simu mambo yamegeuzwa: mashine ya muuzaji ndiyo inayoomba pesa, na jibu la benki linarudi palepale kwenye mashine. Keshia anaona imekubaliwa au imekataliwa. Hana haja ya kuamini simu ya mteja, kwa hiyo hana haja ya kuitazama. Usiri wa mnunuzi na uhakika wa muuzaji vinapatikana kwa pamoja, jambo ambalo wanaodai kwamba usiri ni anasa ya kuwakwamisha wafanyabiashara wangepaswa kulitafakari.

Pingamizi la kwanza ambalo msomaji atakuwa nalo ni la wizi wa kupitisha: kwamba mtu atamkaribia kwenye foleni na mashine yake mfukoni, amkate pesa. Kwa kadi ya plastiki ya kugusa hofu hiyo ina msingi kidogo, ingawa mwizi angehitaji akaunti ya mfanyabiashara iliyosajiliwa kwa jina na kitambulisho, na pesa ingeacha nyayo hadi mlangoni kwake. Kwa simu iliyofungwa, malipo ya dukani kwa kawaida hayapiti mpaka mwenyewe aidhinishe. Kuna mwanya mmoja uliothibitishwa. Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Surrey, Uingereza, walionyesha kwamba iPhone iliyofungwa, yenye kadi ya Visa iliyowekwa kwenye mpangilio wa haraka wa kulipia usafiri, inaweza kudanganywa ikalipa hadi pauni 1,000 kwa kudhani iko kwenye lango la treni. Mpangilio huo uliwekwa ili abiria asikwamishe wenzake getini, na hapo ndipo ulinzi ulipolegezwa kwa ajili ya kasi. Visa ilijibu kwamba mashambulizi ya namna hiyo ni magumu kutendeka nje ya maabara. Kwa msomaji asiyepanda treni za London, dawa ni kutouwasha mpangilio huo.

Mfano wa pili unanitia wasiwasi zaidi kwa sababu unafanana na ya kwetu. Agosti 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza jinsi wateja wa benki za Jamhuri ya Cheki walivyoibiwa. Walitumiwa ujumbe, wakashawishiwa kupakua programu iliyojifanya ya benki, wakaambiwa waishike kadi yao nyuma ya simu na kuingiza namba ya siri ili kuithibitisha. Programu ikayarusha mawasiliano ya kadi hadi kwenye simu ya mwizi aliyekuwa amesimama mbele ya mashine ya kutolea pesa. Mawimbi ya sentimita nne yalivushwa kwa intaneti kilomita nyingi. Lakini tazama mlango uliotumika: mtu alidanganywa akafanya mwenyewe kila hatua. Hakuna chipu itakayomlinda anayemtii mgeni kwenye simu, na Mtanzania aliyewahi kupigiwa na anayejiita wa huduma kwa wateja anajua mchezo huo ulivyo. Hata hivyo, kadiri taarifa za mnunuzi zinavyobaki kwake, ndivyo tapeli anavyokosa pa kuanzia.

Pingamizi zito kuliko hayo ni hili: usiri gani huu, ikiwa benki inajua kila tulikonunua, na kampuni za Marekani zimesimama katikati? Ni kweli kwamba malipo ya kugusa hayafikii usiri wa noti. Benki inayaona yote. Apple inasema haihifadhi kumbukumbu za miamala zinazoweza kuunganishwa na mtu. Google hutunza historia ya matumizi ya mteja. Kila mtu ana haki ya kuamua anawaamini kiasi gani. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kubwa kati ya taasisi moja au mbili zinazojulikana, zenye leseni, zinazoweza kuitwa na Benki Kuu zikajieleza, na mamia ya simu za watu binafsi zilizotapakaa mjini, kila moja ikiwa na jina na namba ya mteja, na hakuna anayejua nani amezishika leo wala atakayezinunua kesho zikiwa kuukuu. Taarifa iliyo mahali pamoja inaweza kulindwa kwa sheria. Iliyomwagika haizoleki.

Gharama nayo ni pingamizi la haki. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au barabara ya Luthuli mjini Nairobi hazina chipu ya mawimbi hayo, na zenye nayo huwa za bei ya juu. Kadi zina makato kwa mfanyabiashara ambayo mara nyingi ni makubwa kuliko ya till, na muuza duka mdogo mwenye faida nyembamba anayahisi. Halafu kuna suala la nani ameshika mlango. Kwa miaka Apple iliwazuia wengine kuitumia chipu ya iPhone kwa malipo ya dukani, mpaka Tume ya Ulaya ilipoishitaki kwa kubana ushindani. Julai 2024 kampuni hiyo ikakubali kuwafungulia washindani wake barani Ulaya bila malipo kwa miaka kumi. Umoja wa Ulaya pia, tangu 2015, umeweka ukomo wa ada ambayo benki zinatozana kwa malipo ya kadi za wateja wa kawaida: asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo. Masharti hayo yaliletwa na serikali zilizosimama upande wa duka na mnunuzi. Soko peke yake halikuyaleta. Yeyote anayekumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021, na jinsi watu walivyorudi kwenye noti mpaka ikabidi ipunguzwe, atakubali kwamba gharama ndiyo inayoamua njia ipi itaishi. Kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote atupe lipa namba akakimbilie kadi za nje. Nashauri lipa namba ichukue kilicho bora kwenye malipo ya kugusa.

Kiufundi hilo linawezekana, na baadhi ya hatua zimekwisha kuanza. Mwaka 2017 Safaricom ilifanya majaribio mjini Nakuru ya huduma iliyoitwa 1Tap, ambayo mteja wa M-Pesa alilipa kwa kugusisha kadi, bangili au stika iliyobandikwa nyuma ya simu, kisha akaithibitisha kwa namba ya siri. Maana yake hata mwenye kitochi angeweza kugusa. Huduma hiyo haikuenea, lakini wazo lilikuwa sahihi na linastahili kurudiwa. Safaricom hiyohiyo, katika miaka ya karibuni, imeanza kuwaficha wafanyabiashara baadhi ya tarakimu za namba ya mteja, hatua ambayo kila kampuni ya simu katika ukanda huu ingepaswa kuichukua bila kusubiri kusukumwa. Kenya iliruhusu mwaka 2022 mteja wa mtandao mmoja alipe till ya mtandao mwingine, na mwaka 2023 Benki Kuu yake ikaleta kiwango kimoja cha msimbo wa QR. Tanzania ina kiwango chake cha QR, TANQR, na ina TIPS, mfumo wa Benki Kuu unaounganisha mabenki na mitandao ya simu ili pesa ivuke papo hapo. Reli imekwisha kutandikwa. Kilichobaki ni kuamua kinachopita juu yake: namba mbadala badala ya namba ya simu, jibu linalorudi kwenye kifaa cha kaunta badala ya simu ya bosi, na meseji ya mteja isiyoonyesha salio kwa kila anayetaka kuhakikisha bili. Teknolojia ya kuigeuza simu ya Android yenye chipu kuwa mashine ya kupokelea malipo nayo ipo, kwa hiyo gharama ya mashine si kisingizio kikubwa kama zamani.

Wapo watakaosema suluhisho ni kurudi kwenye noti tu. Noti isiondoke, na kwa hili nasimama nao. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika karibu kote Hispania na Ureno, mashine za kadi zikazimika, na kwenye maduka mengi aliyeweza kununua maji na mkate alikuwa mwenye pesa taslimu. Norway, nchi ambayo karibu kila kitu kinalipwa kwa kadi au simu, iliimarisha kwa sheria haki ya mnunuzi kulipa kwa noti kuanzia Oktoba 2024. Duka linalobandika tangazo kwamba halipokei pesa taslimu linamfungia mlango mzee asiye na simu, mtoto aliyetumwa, na mtu yeyote siku mtandao unapogoma. Lakini noti ina tabu zake zinazojulikana: chenji inayokosekana, peremende zinazotolewa badala ya shilingi hamsini, mauzo ya siku nzima yanayombidi mwenye duka ayabebe usiku. Watu wamekwisha kuchagua kulipa kwa simu kwa sababu za maana, na hawatarudi nyuma. Wanachostahili ni kutoadhibiwa kwa chaguo hilo.

Kwa anayelipa kwa kugusa sasa, iwe ni safarini Dubai au kwenye supamaketi ya Mlimani City, mambo machache yanatosha. Funga simu kwa kidole au sura pamoja na namba isiyokisika, kwani pochi haiwi salama kuliko kufuli lake. Soma kiasi kwenye kioo cha mashine kabla ya kusogeza simu, na sarafu pia, maana mashine za nje huweza kukutoza kwa sarafu ya nyumbani kwa kiwango kibaya. Simu ikipotea, piga benki wazuie namba mbadala ya simu hiyo. Kadi ya plastiki iliyo nyumbani inaweza kuendelea kutumika. Na anayelipa kwa lipa namba ana haki ya kusoma kiasi na jina la biashara kutoka kwenye meseji akiwa ameishika simu mwenyewe, huku amefunika salio kwa kidole gumba.

Haki hiyo haipaswi kutegemea kidole gumba. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 pamoja na Tume yake. Zote mbili zinataka anayekusanya taarifa za mtu achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyopo. Kupokea shilingi elfu kumi na mbili za chipsi kuku hakuhitaji jina kamili, namba ya simu wala salio. Tume na Benki Kuu ziyaambie makampuni ya simu hivyo, kwa maandishi na kwa tarehe ya mwisho, na wewe msomaji ukipigiwa simu na duka ambalo hukulipatia namba yako, peleka malalamiko Tume. Ofisi hizo ziliundwa kwa ajili hiyo.